Lenzi Ikiwa Jichoni

Watu wengi wamefukuzwa chuo kwa sababu ya midomo yao. Huyu ninayemsimulia alikaribia kufukuzwa kwa kunyamaza, na kama hasara ingeishia hapo nisingejisumbua kushika kalamu.

Chuoni walimwita Kimya. Nyumbani baba yake alimwita mama, maana alikuwa na jina la bibi yake mzaa baba, na mzee hakuweza kulitamka hovyo hovyo jina la mama yake mzazi. Mama wa Kimya mwenyewe alifariki binti akiwa bado anatambaa. Waliobaki nyumbani ni watatu: Kimya, baba yake aliyekuwa fundi saa, na shangazi, dada wa baba, ambaye maneno yake yalitosha nyumba nzima na jirani wakabakiziwa.

Chumba cha kazi cha baba kilitazama barabara. Kulikuwa na dirisha kubwa, meza yenye ukingo wa mbao ili vitu vidogo visidondoke, na saa thelathini na kitu ukutani ambazo hazikuwahi kukubaliana hata siku moja. Mteja akiuliza ni saa ngapi, mzee alichungulia jua dirishani. Kwenye jicho la kulia alibana lenzi nyeusi, ile ya kukuzia vitu, na kwa miaka mingi ya kuibana ilikuwa imemwachia alama ya duara kuzunguka jicho, hata akiwa mezani anakula ungeiona.

Siku moja, Kimya akiwa na miaka saba, aling'oka jino. Akaingia mbio chumbani kwa baba. "Baba! Jino limetoka!" Mzee akashtuka, mkono ukatikisika, na skrubu ndogo kuliko chembe ya chumvi ikaruka kutoka kwenye kibano. Aliitafuta kwa magoti, na sumaku mkononi, kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi. Hakuipata. Hakumpiga mtoto wala hakumkaripia. Alirudi kitini, akaitoa lenzi jichoni, akaiweka juu ya kitambaa cheupe, halafu akamwita.

"Mama, sikiliza. Lenzi ikiwa jichoni, mtu hasemeshwi. Unasimama hapo mlangoni, unangoja. Nikiitoa na kuiweka hapa, nitakusikiliza mpaka mwisho, hata kama habari yenyewe ni ya panya. Haya, nionyeshe hilo jino."

Na kweli alilitazama lile jino kama saa ya mteja mkubwa, akaligeuza huku na huku, akauliza lilitoka vipi, liliuma kiasi gani, damu ilikuwa nyingi au kidogo. Tangu siku hiyo mtoto akajua namna ya kupendwa na baba yake: unasimama mlangoni, unangoja, lenzi inatolewa, na dunia yote inakuwa yako. Wateja nao walisimama vivyo hivyo. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa akipiga kelele kutoka jikoni, na mzee alikuwa amekwisha kumsamehe siku nyingi.

Alipotimiza miaka kumi na tisa, Kimya alikuwa anafungua saa na kuifunga huku anafikiria mambo mengine. Chuo cha ufundi wa vifaa vya hospitali kikamchukua. Huko wanafundishwa kutengeneza mashine za presha, mizani ya watoto wachanga, mashine za oksijeni, vitu ambavyo vikikosea, mtu hafi kwa mfano, anakufa kweli. Mzee alifurahi mno. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kutoka kwenye meza ya kazi akaingia chuoni, na kila mteja aliyeleta saa wiki hiyo alirudi nayo ikiwa haijaguswa, ila habari za chuo anazo.

Asubuhi ya kuondoka, Kimya alisimama mlangoni na mkoba wake, akangoja. Lenzi ikatolewa.

"Baba, huko nasikia kazi ni nyingi. Siku za masomo simu nitaizima. Tutaongea Jumapili tu."

Mzee akatikisa kichwa, ameridhika kabisa. "Ndivyo inavyotakiwa. Ukiwa kazini, hakuna wa kukusumbua. Mimi mwenyewe nitamzuia shangazi yako."

Kimya aliondoka akijivunia maneno yake yale ya kuzima simu. Baadaye aliyajutia kuliko yote aliyowahi kuyatamka.

Sasa chuo. Nina ugomvi wangu na vyuo, niuseme niutue. Wanakupa karatasi siku ya kwanza, wanaiita mwongozo wa somo, halafu wanaamini kwamba kwa kuwa umeipokea umeielewa. Kimya aliipokea. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya daftari. Kifungu cha saba kilisema kwamba katika karakana mwanafunzi ataeleza kwa sauti kila hatua kabla ya kugusa kifaa, na akikwama atasema amekwama. Kimya akaona hilo ni la wale wasioijua kazi. Kwao, fundi anayebwabwaja huku anafanya kazi ni fundi wa kukimbiwa.

Mkufunzi wa karakana alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wanafunzi walimwita Mama Sema, kwa sababu neno lake kubwa lilikuwa hilo: "Sema! Sema unafanya nini!" Jaribio la kwanza lilikuwa mashine ya presha inayovuja hewa. Kimya aliitazama, akapitisha vidole kwenye mpira wake, akaona ufa, akabadilisha, akaifunga. Dakika nne. Wenzake walikuwa hata hawajapata bisibisi. Mama Sema akaandika alama: ishirini kwa mia.

Jaribio la pili, mizani ya watoto wachanga, alipata kumi na tano. Mizani ilipima sawasawa kabisa. Alirudi bwenini, akakaa kitandani na karatasi yake, akaamua kwamba yule mama anamchukia tu. Kuuliza hakukumpitia akilini. Kwani mtu humwendea vipi mkubwa wake kumuuliza kwa nini?

Jaribio la tatu ndilo lililotia kitumbua mchanga. Walifanya wawili wawili. Kimya alipangwa na kijana mmoja waliyemwita Mrefu, mtu mpole, mwenye haraka. Mashine ya oksijeni ilikuwa kati yao. Kimya akachomoa waya ukutani, akafungua kifuniko, akaingiza mkono. Hakusema. Mrefu, aliyekuwa upande wa pili, akaona waya uko chini, akadhani umechomoka wenyewe, akauchomeka. Umeme ukamrusha Kimya nyuma, bisibisi ikagonga dari.

"Nani kachomeka?" Mama Sema aliuliza, amekuja mbio.

"Mimi," Mrefu akasema. "Sikujua, mwalimu. Hakuniambia kama amechomoa."

"Kimya, umeumia?"

Kimya akaficha vidole vilivyoungua nyuma ya koti la karakana. Akatikisa kichwa kwamba hapana.

Alipata sifuri. Chini ya ile sifuri Mama Sema aliandika kwa kalamu nyekundu: "Njoo ofisini, alasiri yoyote. Mlango uko wazi." Na Ijumaa ya wiki hiyo ikaja barua ya kamati ya taaluma. Akishindwa kupata alama za karakana kabla ya mwisho wa muhula, nafasi yake ingefutwa, arudi kwao.

Jumapili baba akapiga simu, kama kawaida. Kimya alikuwa amekaa kitandani, barua iko mapajani. Wiki mbili zilizopita alikuwa ameisikia sauti ya mzee imekuwa nzito, maneno yanaburuzika. Alipouliza, mzee alisema ni koo tu, naye hakurudia kuuliza, maana kumuuliza mkubwa mara mbili ni kama kumwambia anadanganya. Siku hiyo sauti ilikuwa nzito zaidi.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, baba. Shikamoo. Huko?"

"Marahaba. Huku salama tu. Masomo?"

"Yanaenda vizuri."

Waongo wawili, na wote wanapendana. Halafu mzee akasema, "Mama, una nafasi kidogo?"

Kimya akaitazama barua. Aliona kabisa kwamba akikaa kwenye simu dakika moja zaidi atalia, na akilia atasema yote, na mzee ataanguka kwa aibu mbele ya wateja wake aliowatangazia. "Nina kazi kidogo, baba," akasema.

"Haya. Haya, mama. Fanya kazi," akajibu mzee, na simu ikakatwa.

Jumapili iliyofuata alipokea shangazi. "Baba yako amepumzika." Jumapili iliyofuata tena, shangazi tena: "Amelala. Anakusalimu sana." Maneno mawili matatu, basi. Shangazi yule yule ambaye salamu zake huchukua robo saa! Kimya aliona kuna jambo. Aliliona, akaliacha lipite, kwa sababu na yeye alikuwa na lake la kuficha, na mwenye la kuficha huogopa kuchokonoa la mwenzake.

Ofisini kwa Mama Sema alikwenda. Msimwonee, alikwenda, mara tatu. Mlango ulikuwa wazi kama ulivyoandikwa. Mama Sema alikuwa amekaa karibu kuupa mlango mgongo, miwani puani, anasahihisha rundo la karatasi. Kimya akasimama pale kizingitini, mikono nyuma, akangoja miwani itolewe. Haikutolewa. Alingoja karibu saa nzima siku ya kwanza, siku ya pili vile vile, akaondoka. Kwenye daftari lake mkufunzi akaandika mara mbili, "Hakufika."

Siku ya tatu, Jumatano, mama wa usafi alikuwa anapiga deki kwenye ukumbi. Akafika alipo Kimya, akamzunguka na dekio. Akarudi, akamzunguka tena. Mwishowe akasimamisha dekio lake sakafuni, akashika kiuno.

"Mwanangu, wewe ni nguzo ya jengo hili au mwanafunzi?"

"Mwanafunzi, mama."

"Juzi nimekukuta hapa. Jana nimekukuta hapa. Unangoja nini?"

"Namngoja mwalimu anione," Kimya akanong'ona.

"Atakuona kwa kisogo? Piga hodi!"

"Anafanya kazi, mama."

"Kazi yake si ndiyo wewe!" Na bila kungoja jibu, mama wa usafi akapaza sauti: "Hodi humu ndani! Kuna mgeni wako ameota mizizi hapa!" Akachukua ndoo yake, akaenda zake.

Mama Sema akageuka. Akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi. Na Kimya, alipoona miwani imewekwa mezani, machozi yakamtoka hapo hapo, na maneno yakafuata. Alieleza habari ya lenzi, ya skrubu, ya meza ya baba yake, ya kusimama mlangoni. Alitoa na vidole, vikiwa na makovu meusi. Mkufunzi alisikiliza mpaka mwisho, bila kusema "sema" hata mara moja.

"Baba yako hajakosea," akasema alipomaliza. "Kwa saa yake, ndivyo. Saa ikisimama, mtu amechelewa, basi. Lakini mashine yangu, wewe upo upande huu, mwenzako yupo upande ule, na mgonjwa amelala katikati. Ukinyamaza, wenzako wote ni vipofu. Mimi naona mikono yako, Kimya. Ni mizuri kuliko yangu. Kilicho kichwani mwako ndicho nisichokiona. Usiponiambia, nitajua vipi?"

"Nilidhani unanichukia."

"Na mimi nilidhani unanidharau. Nimekuita, nikangoja, huji." Wakatazamana, na mkufunzi akacheka kidogo, kicheko cha uchovu. "Kesho saa nne asubuhi utarudia lile la tatu. Na Mrefu."

Kesho yake saa nne Kimya alisimama mbele ya mashine ya oksijeni. Sauti ya kwanza ilitoka kama ya mtu mwenye kwikwi. "Nazima umeme. Nachomoa waya. Waya nimeushika mimi, Mrefu, usiuguse." Mrefu akajibu kwa nguvu kama askari, "Sigusi!" na karakana nzima ikaangua kicheko, hata Kimya. "Nafungua kifuniko. Naona vumbi kwenye chujio. Nalitoa." Katikati akafika mahali akasimama. "Hapa nimekwama. Sijui hili bomba linaelekea wapi."

"Asante," akasema Mama Sema, na kumwonyesha.

Alipata themanini na tano. Mkufunzi aliandika barua kwa kamati pale pale, akaitia sahihi, na jina la Kimya likabaki chuoni. Akiwa anamkabidhi nakala, akamuuliza, "Nyumbani wanajua kwamba ulibakiza hatua moja ufukuzwe?"

"Hapana, mwalimu."

"Na wewe ya kwao unayajua?"

Kimya alipokea nakala. Alitoka nje, akasimama kwenye ngazi za karakana, akawasha simu. Ilikuwa Alhamisi, saa tano na nusu, saa ambayo lenzi iko jichoni. Hakuwahi kupiga simu nyumbani saa kama ile. Alitaka kuyasema yote, sifuri, barua, na vidole, halafu aulize lile aliloliacha lipite.

Shangazi alipokea. Alipoisikia sauti yake akasema, "Nani kakwambia?"

Hivyo ndivyo alivyojua. Mengine yalikuja kwa vipande, shangazi akilia. Mkono wa kulia wa mzee ulianza kufa ganzi wiki ya tatu baada ya yeye kuondoka. Vibano vikawa vinadondoka. Ulimi ukawa mzito. Daktari alisema ni kiharusi kidogo, apumzike, kikubwa kinaweza kuja. Kikubwa kilikuja Jumatatu, siku moja baada ya ile Jumapili aliyoomba nafasi. Sasa ni wiki ya tatu yuko wodini, hasemi.

"Shangazi, kwa nini hamkuniita?"

"Alikataa! Nilimpigia magoti, mwanangu. Tangu mwanzo, akiwa bado na ulimi wake, alinishika mkono akaniapisha. Akasema, mwacheni, lenzi iko jichoni. Akishtuka, skrubu itaruka, hataipata tena." Shangazi akavuta pumzi. "Ile Jumapili ndiyo nilimshinda. Nilimwambia mpigie wewe mwenyewe, umwambie. Akakubali. Alipomaliza kuzungumza nawe nikamuuliza, umemwambia? Akasema, hapana, ana kazi."

Kimya aliketi kwenye ngazi. Wanafunzi walipita, wengine wakampongeza kwa ile themanini na tano.

Mama Sema alimpa ruhusa kabla hajamaliza kuomba. Alifika hospitali kesho yake mchana. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vya chuma pande mbili, na kitanda cha baba yake kilikuwa cha nne kutoka mlangoni. Mzee alikuwa amelala chali, macho yamefumba, upande wa kulia wa uso umeshuka. Miguu ya Kimya ikasimama yenyewe mlangoni. Mikono ikaenda nyuma. Akangoja macho yafumbuke, kama alivyofundishwa. Sijui alisimama muda gani. Akajishtukia, akajichukia, akasema kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wagonjwa: "Hodi, baba!"

Akaingia. Na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuanza, alianza kama karakana. "Baba, nimefika. Naweka mkoba chini. Navuta kiti. Nashika mkono wako, huu wa kushoto." Mzee akafumbua macho. Ile alama ya duara kwenye jicho la kulia ilikuwa imeanza kufutika. Wiki zote zile bila lenzi, ngozi ilikuwa imejirudia yenyewe, na hilo ndilo lililomvunja Kimya kuliko mirija aliyotiwa puani.

Akasema yote. Ishirini, kumi na tano, sifuri. Akamwonyesha vidole. Akamwambia kuhusu mama wa usafi na ile nguzo ya jengo, na upande wa kushoto wa mdomo wa mzee ukacheza kidogo. Akamwambia amebaki chuoni. Halafu yakaisha, likabaki moja.

"Baba, ile Jumapili uliniuliza kama nina nafasi. Nilikudanganya. Sikuwa na kazi yoyote. Ninayo nafasi, baba. Ninayo sasa. Sema."

Mdomo wa mzee ukajaribu. Ikatoka pumzi tu. Akajaribu tena, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Kisha akaacha. Polepole akauvuta mkono wa kushoto kutoka kwenye mikono ya binti yake, akauinua mpaka kwenye jicho la kulia, vidole vitatu vikabana hewa pale ilipokuwa lenzi, vikaitoa, vikaiweka juu ya shuka jeupe. Akamtazama, tayari kumsikiliza.

Lakini Kimya alikuwa amekwisha kusema yote aliyokuwa nayo. Wakabaki wanatazamana hivyo mpaka wauguzi walipokuja kutoa wageni. Mzee alifariki Jumapili asubuhi.

Alichotaka kukisema hakijulikani. Shangazi anasema ni habari ya ugonjwa tu. Kimya hana hakika, maana baba yake hakuwa mtu wa kuomba nafasi kwa habari ya ugonjwa.

Siku hizi ni fundi kwenye hospitali moja kubwa. Anazungumza na mashine hata akiwa peke yake, "nazima, nachomoa, nafungua," na wauguzi wanamtania kwamba ana wazimu wa adabu. Kuna jambo jingine wanalomtania. Simu yake haizimwi kamwe, na ikilia, hata akiwa na mkono ndani ya mashine, huweka bisibisi chini juu ya kitambaa, anapokea, na hasemi haloo kama watu wengine. Anasema, "Nina nafasi. Sema."